Namna ya Kukaa na Mtu wa 1998 Bila Kudhurika

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 ambao, kwa bahati mbaya, wana wajomba, mashangazi, mabosi na wenye nyumba. Wote hao walikuwa vijana wakati fulani, na wengi wao hawajapona mpaka leo.

Mtu wa 1998 ni yeyote aliyekuwa anabalehe au anatafuta kazi wakati redio za Dar es Salaam zilipoanza kupiga rap ya Kiswahili mchana kweupe. Ukipishana naye njiani hutamtambua. Ana kitambi cha kawaida, mkopo wa kawaida, na kundi la WhatsApp la waliomaliza naye kidato cha nne. Anaweza kukaa miezi bila dalili yoyote. Muziki ukiwashwa ndipo ugonjwa unapojitokeza.

Mwandishi ni mmoja wao, hivyo yafuatayo ni habari za jikoni. Soma, kariri, kisha ufiche simu. Akikukuta unasoma atataka kukusomea yeye, na kila aya atakuwa na la kuongeza.

Mahali pa kuchukua tahadhari

Harusini ndiko wanakopatikana kwa wingi. DJ huanza na singeli ili watu wa rika lako wachoke mapema, kisha usiku ukikolea anabadilisha. Utamwona mtu wa 1998 anaweka glasi mezani, anafumba macho na kuinua kidole kimoja juu. Hapo una sekunde chache tu za kwenda msalani. Ukichelewa utashikwa mkono na kuambiwa, "Mdogo wangu, huu sasa ndio muziki."

Msibani wanatokea usiku wa pili, wakati habari za marehemu zimekwisha na kahawa bado ipo. Mtu mmoja atakumbuka kwamba marehemu aliupenda sana wimbo fulani wa Mlimani Park, mwingine atasema hapana, marehemu alikuwa mtu wa Msondo, na kuanzia hapo mpaka alfajiri marehemu hatatajwa tena.

Basi la mkoani ni baya kuliko yote kwa kuwa huwezi kushuka. Umekata tiketi ya Mbeya pale Mbezi, ukakuta jirani yako wa kiti amevaa fulana ya Tupac iliyofuliwa mpaka Tupac amebaki macho: omba kubadilishiwa kiti. Kama basi limejaa, jifanye umelala kabla ya Kibaha. Kondakta akiweka zilipendwa na jirani akakuuliza kama unamjua mpiga solo, jua kwamba Mbeya ni mbali.

Katika mazingira yote hayo utaambiwa sentensi zilezile tano, kwa mpangilio uleule. Zijue moja moja.

Sentensi ya kwanza: "Enzi zetu kulikuwa na muziki"

Ulikuwepo, ni kweli. Lakini kabla hujatikisa kichwa, jua na kingine kilichokuwepo.

Mpaka mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na chao, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara wakubwa waliona televisheni ni anasa. Redio ilikuwa ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam, yenye Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara. Ukitaka kingine ulizungusha kitufe ukitafuta BBC au Sauti ya Ujerumani katikati ya mikwaruzo. Sehemu kubwa ya burudani ilikuwa kusomewa kadi za salamu. Mtu wa Shinyanga anawasalimu jamaa zake wote kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kisha anamalizia kwa wote wanaomfahamu popote walipo. Tulisikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo ukafuata wimbo, na ulikuwa uleule wa jana.

Mtu anayepewa wimbo mmoja kutwa mara tatu kwa miezi sita ataupenda tu, la sivyo ahame nchi. Hatukuwa tunachagua. Tulipewa, tukapenda tulichopewa, na sasa tunajisifia kwamba tulikuwa na masikio ya kuchagua.

Mwaka huo wa 1994 zikaingia redio na televisheni za watu binafsi, Radio One na ITV zikiwa miongoni mwa za mwanzo, tukadhani dunia nzima imehamia mtaani kwetu. Kwa kweli ilikuwa imehamia kwenye nyumba moja tu. Mwenye televisheni alijua majina ya watoto wote wa mtaa kwa sababu ilibidi awafukuze kwa majina. Waliobaki dirishani walitazama nusu ya picha na kusikia nusu ya maneno, na ndio hao leo wanaokuhakikishia kwamba tamthilia za zamani zilikuwa na kina.

Jambo jingine ambalo hatakueleza: nyimbo mbovu zilikuwepo tele. Kwa kila wimbo mmoja unaopigwa harusini leo, zilikuwepo kumi ambazo hata waliozitunga wasingependa ukumbushe. Zimekufa kifo cha kawaida. Yeye analinganisha nyimbo chache zilizonusurika kwa miaka thelathini na rundo zima la nyimbo zako za wiki hii, nzuri na mbaya pamoja, kisha anashangaa kwamba zake zimeshinda.

Jibu salama: "Kweli anko, mlikuwa na muziki." Usiongeze neno. Hasa usitaje jina la msanii yeyote aliye hai na mwenye afya njema.

Sentensi ya pili: "Nyimbo zilikuwa na ujumbe"

Hii husemwa kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Usibishe mara moja. Mwombe kwa upole akutajie ujumbe.

Muziki wa dansi ulikuwa na ujumbe kweli, na sehemu kubwa ya ujumbe huo ilikuwa kwamba mwanamke wa mjini ana tamaa, kwamba mke mwenye kelele hafai, na kwamba mwanamume aliyeachwa ana haki ya kulia kwa dakika nane zenye gitaa tatu. Gitaa zenyewe zilikuwa tamu mno, na ndiyo maana hatukuwahi kuyapima maneno. Msichana wa leo akiyasikiliza kwa makini atagundua kwamba mama yake alikuwa akicheza kwa furaha wimbo unaomsema yeye mwenyewe.

Taarabu nayo ilikuwa na ujumbe. Kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1990 watu walijaa kumbini kuwasikiliza Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano wakirushiana vijembe, kila upande na mashabiki wake na kila wimbo na jibu lake. Tuliita mipasho na tukalipa kiingilio. Leo wasanii wawili wakitupiana maneno mtandaoni, mtu yuleyule aliyekuwa akienda kutuza noti jukwaani atakwambia kwamba vijana wa siku hizi wanaishi kwa kiki. TOT yenyewe, mjue, ilikuwa kundi la chama tawala. Tulikuwa tukikata viuno katikati ya kampeni na wala hatukustuka.

Ujumbe wa wazi kuliko wote ulikuwa kwenye michezo ya redio. *Twende na Wakati* ilianza kurushwa na RTD mwaka 1993, ikiwa na kazi maalumu ya kutufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mhusika aliyewekwa ili tumwogope alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Sisi tulimsubiri kwa hamu kuliko wote. Tena watafiti waliamua mchezo huo usirushwe na kituo cha Dodoma mpaka 1995, ili wapate eneo la kulinganisha na kwingine. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa majigambo kwamba zamani nchi nzima ilikuwa ikisikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja, muulize kama alikulia Dodoma.

Na yule mwenye ujumbe hasa tulimfanya nini? Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akaja kuwa wetu kiasi kwamba Sinza ina kituo kinachoitwa Kwa Remmy, alitunga wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu, *Mambo kwa Soksi*. RTD ilikataa kuupiga. Ulikuwa ugonjwa unaomaliza watu kila mtaa, na wimbo wenye maelekezo ulinyimwa nafasi kwa sababu ya aibu. Uliishi kumbini na kwenye kaseti. Ukikutana na mtu anayetamani muziki wenye ujumbe urudi, mkumbushe kwamba ulipokuja ulizuiwa mlangoni.

Sentensi ya tatu: "Sisi hatukuiga"

Hapa unaruhusiwa kutabasamu, ilimradi uangalie pembeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kaseti ya rap ya Kiswahili iliyovuma Dar es Salaam ilikuwa ya Saleh Jabir, na wimbo wake uliojulikana zaidi uliweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa *Ice Ice Baby* wa Vanilla Ice. Vanilla Ice mwenyewe alikuwa ameuchota mdundo huo kwa Queen na David Bowie. Hiyo ndiyo asili yetu tunayoilinda dhidi ya vijana wanaoiga Wanaijeria na Waafrika Kusini. Kabla ya hapo bendi za dansi zilijifunza kwa Wakongo, na Wakongo walikuwa wamejifunza kwenye santuri za Kuba. Tulivyovaa ndiyo usiseme. Tulitembea Kariakoo saa saba mchana, jua la Februari, tumevaa makoti mazito na kofia za sufu kwa sababu rapa wa New York kwenye video alikuwa amevaa hivyo. Yeye alikuwa kwenye theluji.

Kwa upande wa sinema hatukuiga kwa sababu hatukuwa tunaelewa. Utasimuliwa sana habari za vibanda vya video, kwa hiyo ingia kimoja ukione.

Ni chumba cha mabati au banda la magunia. Nje kuna ubao wa chaki: jina la picha limeandikwa lilivyotamkwa, na chini yake "vita mwanzo mwisho". Kiingilio ni sarafu. Ndani kuna mabenchi ya mbao, wakubwa juu yake na watoto mavumbini mbele, shingo zimekunjwa kuelekea televisheni ya inchi 14 iliyowekwa juu ya kabati lenye kufuli. Mkanda umetazamwa mpaka umechoka. Kila baada ya robo saa picha inakatika vipande, mwenye kibanda anafungua deki, anasafisha hedi kwa pamba na spiriti, na chumba kizima kinampa ushauri. Madirisha yamezibwa ili walio nje wasifaidi bure. Joto lake halielezeki, na harufu yake ningependa isielezwe.

Picha ni *Commando*. Arnold Schwarzenegger anaua jeshi zima peke yake. Kwa nini anawaua? Hakuna anayejua, kwa sababu wanazungumza Kiingereza cha haraka na Kiingereza chetu ni cha kumuaga mwalimu. Kuna sterling, kuna adui, na kuna adui mkubwa atakayekufa mwisho, hiyo ilitosha. Kwamba kulikuwa na binti ametekwa, wengine wetu tulikuja kujua tukiwa na watoto wetu. Ukitaka hadithi ulitafuta mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, aliyeongea juu ya picha kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaeleza, akaongeza chumvi na akatoa maoni yake juu ya tabia za wahusika. Wengi tulimpenda yeye kuliko picha yenyewe, na tulikuwa sahihi.

Basi mtu huyu, aliyetazama nusu ya maisha yake sinema asizozielewa kwenye kioo kinachotetemeka, atakuja sebuleni kwako, atatazama dakika tano za tamthilia yako na kusema haina stori. Mpe chai.

Sentensi ya nne: "Tulikuwa na adabu"

Usicheke. Uliza tu kama nyumbani kwao kulikuwa na jarida la *Sani*.

*Sani* lilikuwa la katuni, na Lodilofa, Ndumilakuwili na Pimbi wanajulikana na watu wa rika lile kuliko mawaziri. Lilisomwa na kila mtu na halikuwa la mtu. Baba alilificha chini ya godoro, mtoto akaliiba, mjomba akaliazima kwa mtoto. Vichekesho vyake vingi vilikuwa vya walevi, wagoni na wanawake waliochorwa kuanzia kiunoni kushuka. Kisha yakaja magazeti ya udaku, yenye picha za mafumanizi ukurasa wa mbele. Tuliyasoma kwa kukunja ili lionekane jina la gazeti jingine. Ndiyo adabu yenyewe: kukunja.

Mavazi yana historia ndefu zaidi. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi. Mwishoni mwa mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuharibu vijana. Vijana hao walioharibika ndio walioketi barazani miaka ya 1990 kutuambia kwamba suruali zetu za bwanga zingetosha familia nzima na kwamba rap ni uhuni. Nasi tulipokua tukaketi barazani kuwaambia waliotufuata kwamba kata K ni uhuni. Sasa mnasemwa nyinyi. Kosa limehama kutoka suruali ya kubana kwenda pana, likashuka kiunoni, na sasa limerudi kwenye kubana, na wazee wa kila zamu wamekuwa na hakika ileile.

Ukitaka ushahidi wa namna uhuni unavyoiva, tazama Bunge. Mr II, aliyetoa kaseti zake wakati wazazi wetu wakizima redio, aliingia bungeni mwaka 2010 kama Joseph Mbilinyi, mbunge wa Mbeya Mjini. Professor Jay, ambaye mwaka 2001 alitoa *Ndio Mzee*, wimbo wa kumkejeli mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana, alichaguliwa mwaka 2015 kuwa mbunge wa Mikumi na akalazimika kusimama majukwaani kuahidi kama wengine. Simlaumu. Nasema tu kwamba wale wazee walioapa kuwa rap haitafika popote walikosea anwani: ilifika Dodoma.

Sentensi ya tano: "Sisi tulithamini sanaa"

Hii ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo nakushauri uijibu.

Mwache kwanza aeleze alivyoipenda kaseti. Atafurahi. Atakwambia alivyokaa sakafuni mbele ya redio, kidole kimoja kwenye kitufe cha kuchezea na kingine kwenye chekundu cha kurekodi, akisubiri kipindi cha maombi. Vitundu vya juu ya kaseti vimezibwa kwa karatasi iliyotafunwa ili hotuba ya harusi ya shangazi ifutike na wimbo uingie. Nyumba nzima imeamriwa kunyamaza. Wimbo unaanza, vitufe viwili vinabanwa kwa pamoja, kila kitu kinakwenda vizuri, na ubeti wa mwisho ukikaribia mtangazaji anaingia na saa za Afrika Mashariki. Kwenye nakala ya rafiki yake kuna saa hizohizo. Kwenye ya binamu yake aliyeko Tanga pia. Kuna watu wazima katika nchi hii ambao wakiimba wimbo ule mpaka leo, wakifika pale husema ni saa tisa na robo.

Ataendelea. Redio ikila mkanda, unautoa taratibu kama utumbo wa kuku na kuurudisha kwa kalamu ya Bic. Kalamu hiyohiyo ndiyo ya kurudishia mkanda nyuma, kuokoa betri. Betri zikiisha huanikwa juani, na zikipata joto hukupa nyimbo mbili zaidi, ya pili ikiimbwa polepole kwa sauti ya jini. Mwenye fedha alipeleka orodha yake kwenye duka la kurekodi kanda, akalipa kwa idadi ya nyimbo, na jioni akachukua kaseti yake ya TDK yenye dakika 90 za kila alichokitaka.

Yote hayo ni kweli na ni matamu kuyasikia. Akimaliza, muulize swali moja: "Anko, na mwimbaji alipata ngapi?"

Atanyamaza, kwa sababu katika hadithi yote hiyo mwimbaji hayumo. Redio ilirekodiwa bure. Rafiki alinakili bure. Duka la kurekodi lililipwa, muuza kaseti tupu alilipwa, muuza betri alilipwa. Bendi zilikwenda kurekodi RTD ili zisikike hewani, na zilitegemea viingilio vya ukumbini kula. Nyimbo zilibaki kwenye hazina ya redio, na mitaani zilitembea nakala za nakala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo ilitungwa mwaka 1999, wakati sauti nyingi tunazozililia leo zilikuwa zimekwisha kuimba. Hata walipokuja vijana wa Bongo Flava na kaseti zao za dukani, malalamiko yao yalikuwa kwamba msambazaji ndiye anayejua zimeuzwa ngapi, na hasemi.

Tuliwapenda wanamuziki wetu kwa dhati na hatukuwalipa. Tulichanga walipougua, tulichanga zaidi walipokufa, tukaenda kuzika kwa malori na kusema taifa limepoteza hazina. Kisha tukarudi nyumbani na kusikiliza kaseti tuliyonakili kwa jirani. Kizazi kinacholaumiwa kwa kupakua nyimbo bure kilirithi ufundi huo kwetu. Tofauti ni kwamba sisi tulihitaji kalamu.

Uliza swali hilo kwa heshima, ukiwa umekaa, na baada ya chakula. Halikusudiwi kumuumiza mtu. Lakini kati ya yote yanayoweza kusemwa juu ya utamaduni wa ujana wetu, ndilo pekee lenye mtu upande wa pili anayetudai.

Kiambatisho kuhusu mpira

Mazungumzo yakigeukia mpira, utaelezwa kuhusu Simba ya 1993. Ni kweli ilikuwa timu. Ni kweli ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikaenda Abidjan na kurudi na sare bila kufungwa. Msikilize mpaka hapo, umpongeze, kisha ubadilishe mada haraka. Mchezo wa marudiano ulichezwa Dar es Salaam na Stella Abidjan wakashinda 2–0. Ukiuliza juu ya siku hiyo na msimuliaji ni wa Simba, utakosa lifti ya kurudi nyumbani. Akiwa wa Yanga, hutahitaji kuuliza.

Maswali yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa

Unaruhusiwa kuuliza: walikuwa wanajuaje maneno ya wimbo bila intaneti? (Jibu: hawakuyajua. Kila mtaa uliimba maneno yake, na mengine hayakuwa Kiswahili wala lugha yoyote.) Unaruhusiwa pia kuuliza picha za wakati ule ziko wapi. Ataleta albamu, na hapo utaona panki, utaona miwani ya giza ndani ya nyumba, utaona watu watano waliopiga picha studio mbele ya pazia lenye ndege iliyochorwa, na viatu vya aina moja vikizunguka kutoka picha hadi picha kwa kuwa vilikuwa vya mpiga picha. Nusu saa ya albamu hutibu kuliko mwezi wa mabishano.

Usiulize kama angependa kurudi enzi zile. Atasema ndiyo, na atakuwa anadanganya. Hataki kurudi kwenye betri za kuanika, kibanda cha magunia na redio moja. Simu yake ina nyimbo zote za ujana wake, kamili, bila saa za Afrika Mashariki, na kama ilivyo desturi hazilipii. Anachokitaka ni magoti ya mwaka 1998, na msichana fulani wa Temeke ambaye leo naye ana kundi lake la WhatsApp. Muziki umebebeshwa lawama ya mambo yasiyouhusu.

Kazi ya nyumbani

Usidhani wewe umepona kwa kuwa umezaliwa kuchelewa. Vijana wa Manzese na Tandale wanaotengeneza singeli leo wanaambiwa ni kelele, na ifikapo mwaka 2045 itapigwa kwenye kumbi zenye viyoyozi, mezani kukiwa na watu wenye vitambi watakaoinua kidole juu na kusema kwamba ule ndio ulikuwa muziki. Utakuwa mmoja wao. Dawa haijapatikana, ila kuna kinga.

Chukua daftari leo. Andika nyimbo kumi zinazovuma sasa ambazo unaona ni upuuzi mtupu, uandike na sababu. Andika ni vipindi gani unavitazama kwa sababu tu bando limeisha. Andika umewalipa wasanii unaowapenda shilingi ngapi mwaka huu, na kama jibu ni sifuri, andika sifuri. Weka tarehe, weka sahihi, mpe mdogo wako wa mwisho alihifadhi, na umwambie akusomee kwa sauti siku utakapoanza sentensi yoyote kwa maneno "enzi zetu".